Tai wa Big Bear na kamera za viota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mwaka 2022 nimekuwa nikiwafuatilia kwa simu tai wawili, Jackie na Shadow, kwenye kiota chao huko Big Bear, California. Ndugu na marafiki niliowatumia kiungo wananiuliza maswali yale yale, wengine saa nane za usiku kinda anapotoboa ganda. Nimeyakusanya hapa. Mengi yanahusu kiota hicho kimoja kwa kuwa ndicho ninachokijua vizuri, na viota vingine nimevitaja pale vinapotoa jibu bora zaidi.

Jackie na Shadow ni akina nani?

Ni jozi ya tai wanaoishi kando ya ziwa Big Bear, kwenye milima ya San Bernardino, mashariki mwa Los Angeles. Jackie ndiye jike. Aliangulwa mwaka 2012 katika bonde hilo hilo. Shadow, dume, ni mdogo kwake kwa miaka miwili hivi. Alitokea mwaka 2018 wakati Jackie akiwa na mwenzi mwingine. Akazungukazunguka kiota mpaka yule wa kwanza akaondoka, na tangu hapo hawajaachana.

Kiota chao kiko juu ya msonobari, mita 44 hivi kutoka ardhini, na bonde lenyewe liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo theluji inaanguka kweli kweli. Kamera ya kwanza iliwekwa mwaka 2015 na kikundi cha wenyeji kisicho cha kibiashara kiitwacho Friends of Big Bear Valley, nayo inatumia umeme wa jua. Baadaye waliongeza kamera ya pili inayotazama mti na ziwa kwa mbali.

Ni tai wa aina gani? Huku kwetu wapo?

Hawapo. Huyu ni tai wa Amerika Kaskazini mwenye kichwa cheupe na mkia mweupe, ndiye aliyemo kwenye nembo ya Marekani tangu mwaka 1782, ingawa kisheria alitangazwa kuwa ndege wa taifa Desemba 2024 tu. Jina lake la Kiingereza limewafanya wengi wamwite tai kipara. Kipara hana. Kichwa kimejaa manyoya, ila ni meupe, na huwa meupe baada ya miaka minne au mitano; kabla ya hapo ndege mzima ni wa kahawia wenye madoadoa. Kwa hiyo ukiona tai wa kahawia ametua pembeni ya kiota usidhani ni mnyama mwingine, ni kijana.

Ndugu yake wa karibu tunaye: tai mla samaki, ambaye wengine wanamwita furukombe, yule wa Naivasha, Ziwa Victoria na Rufiji. Ukiwaweka bega kwa bega utaona undugu. Tofauti kubwa ni sauti. Furukombe akilia, ziwa zima linasikia. Jackie na Shadow wana sauti nyembamba ya kuliza-liza ambayo huwashangaza wageni wote, na mlio ule mkali unaowekwa kwenye filamu pindi tai mwenye kichwa cheupe anapopita angani kwa kawaida ni wa ndege mwingine, mwewe mwenye mkia mwekundu.

Nawaona wapi, na bando langu litaisha haraka kiasi gani?

Matangazo ni ya bure, mubashara, kwenye YouTube, mchana na usiku. Andika jina la kikundi nililotaja hapo juu utayapata.

Bando ni jambo la kweli. Ukiiacha simu ijichagulie ubora wa picha, saa moja inaweza kula zaidi ya GB 1. Nenda kwenye mipangilio ya video ushushe hadi 240 au hata 144. Picha itakuwa na ukungu kidogo, lakini tai aliyeatamia hatikisiki sana, huhitaji ubora mkubwa kumwona amelala. Ukisikia kuna tukio, pandisha kwa dakika chache kisha ushushe tena. Pia unaweza kurudisha video nyuma kwa saa kadhaa: kama umelala na yai limetagwa, vuta nyuma asubuhi ukaone.

Kwa saa za kwetu, niangalie lini?

Hapa tuliopo Afrika Mashariki tuna bahati. Wakati wa majira ya baridi California iko nyuma yetu kwa saa 11, na kuanzia wiki ya pili ya Machi, wakisogeza saa zao, tofauti inakuwa 10. Maana yake mwezi wa pili jua la Big Bear linachomoza saa kumi na mbili kasorobo jioni kwetu, na kuchwa saa kumi na nusu alfajiri. Siku yao nzima ni usiku wetu. Umetoka kazini, umekula, umekaa, na Shadow ndiyo kwanza analeta samaki wa asubuhi.

Walioko Goma na Lubumbashi watoe saa moja, walioko Muscat waongeze moja. Ndugu zetu wa Toronto na Minnesota wanawaangalia mchana kama watu wa kawaida.

Mbona usiku picha inakuwa ya kijivu? Ile taa haiwasumbui?

Kamera inatumia miale ya infraredi ambayo jicho la tai haliioni. Kwao ni giza tupu. Ndiyo maana utaona macho yao yaking'aa kwenye picha na wao hawana habari.

Nitamtofautishaje Jackie na Shadow?

Wakiwa pamoja ni rahisi: Jackie ni mkubwa. Kwa tai, jike humzidi dume kwa umbo, mdomo wake ni mnene na mrefu, na sauti yake ni nzito kidogo. Shadow ni mwembamba, sauti juu.

Akiwa mmoja peke yake, angalia tabia. Anayelala na mayai usiku, mara nyingi ni Jackie. Anayefika na kijiti kirefu kuliko yeye mwenyewe, akakivuta huku na huku, akakipitisha juu ya kichwa cha mwenzake aliyeatamia, akakirudisha pale pale kilipokuwa, huyo ni Shadow. Kiota kikiwa kimepangwa vizuri yeye hakubali. Nimewahi kumwona akihangaika na kijiti kimoja kwa karibu robo saa, na Jackie ametulia tu, anasubiri amalize.

Mayai hutagwa lini, na yanachukua siku ngapi kuanguliwa?

Big Bear, mara nyingi ni mwezi wa kwanza au wa pili. Tai hutaga yai moja hadi matatu, kwa kupishana siku tatu hivi. Mwaka 2024 Jackie alitaga matatu, tarehe 25, 28 na 31 Januari. Mwaka 2025 matatu tena, tarehe 22, 25 na 28.

Marehemu bibi yangu alifuga kuku maisha yake yote, na siku ya kwanza kumwonyesha Jackie aliniuliza kabla ya kitu kingine: "Huyu anakaa siku ngapi?" Kuku ni siku 21. Tai ni 35 kwa kawaida, na kule kwenye baridi ya mlimani zinafika 38 au 39. Bibi akatikisa kichwa akasema huyo mama ana kazi.

Kazi kweli anayo, lakini hayuko peke yake: dume naye huatamia. Wote wawili wana sehemu ya kifua isiyo na manyoya inapofika wakati huo, ili ngozi iguse yai moja kwa moja. Wanapokezana zamu mchana, wanageuza mayai kila baada ya muda, na ukiangalia vizuri utaona wanakunja kucha wanapotembea kiotani ili wasiyatoboe. Kwenye dhoruba ya theluji ya Februari 2024 Jackie alishikilia mayai yake kwa karibu saa 62 mfululizo bila kumwachia Shadow zamu. Theluji ilimfunika mgongo wote, kilichobaki kuonekana ni kichwa.

Kinda akikaribia kutoka utaona nyota ndogo au tundu kwenye ganda. Usikate tamaa hapo. Kutoka tundu la kwanza mpaka kinda kutoka kabisa ni siku nzima, pengine mbili. Ana kijino kidogo juu ya mdomo anachokitumia kupasulia, na mapumziko yake ni marefu.

Kwa nini miaka mingine mayai hayaanguliwi?

Kwa neno la kwetu, yalikuwa viza. Yai linaweza kuwa halikurutubishwa, au kiinitete kikaanza halafu kikafa mapema. Baridi na ule urefu wa mlima huenda vinachangia, lakini yai lililokaa mwezi mzima chini ya ndege halitoi ushahidi kirahisi.

Mwaka 2023 na 2024 hakuna kinda aliyetoka. Mwaka 2024 ndio ulionitesa zaidi. Siku zilipita 40, zikapita 50, zikapita 60, na Jackie bado anakaa. Chatini watu walikuwa wakihesabu na kuombea. Wazazi walianza kuyaacha mayai kidogo kidogo, dakika kumi, nusu saa, hadi mwezi wa nne kunguru mkubwa akaja akayatoboa. Wengi waliandika kwamba kunguru ni katili. Mimi naona alifanya kazi aliyopaswa kufanya: mayai yalikuwa yamekufa muda mrefu, na wazazi walihitaji kuachiliwa.

Kinda anakufa mbele ya kamera. Kwa nini hakuna anayepanda kumsaidia?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na nalielewa. Nijibu kwa kirefu.

Mwaka 2025, baada ya miaka miwili mitupu, makinda wawili waliangulwa tarehe 3 na 4 Machi, na wa tatu tarehe 8. Watatu! Usiku wa tarehe 13 ikaja dhoruba kubwa, theluji na upepo. Jackie alikaa juu yao usiku wote, Shadow akaja kumsaidia. Kulipokucha, vichwa vilivyoinuliwa kuomba chakula vilikuwa viwili. Nilivuta video nyuma mara ngapi sijui, natafuta cha tatu.

Watu walianza kuandika: pelekeni paa, pelekeni blanketi, mwiteni daktari wa wanyama. Sasa fikiria kinachohitajika. Mtu apande msonobari wa mita 44 kwenye upepo wa theluji usiku. Wazazi watashtuka na kuruka. Makinda wawili walio hai, wenye siku kumi tu, wenye malaika badala ya manyoya na ambao bado hawawezi kujipa joto wenyewe, watabaki wazi. Unakwenda kumwokoa mmoja, unawaua watatu. Na kama makinda wamekwishakua, hatari inageuka: wakimwona mtu wanaweza kujirusha kabla mbawa hazijakomaa.

Halafu kuna sheria. Tangu mwaka 1940 Marekani ina sheria ya kumlinda tai huyu, na kumsumbua kiotani ni kosa la jinai. Mtu binafsi anaweza kutozwa faini hadi dola 100,000 na kufungwa mwaka mmoja. Wenye kamera wenyewe hawana ruhusa ya kukisogelea kiota wakati wa msimu. Ndiyo maana kamera ikiharibika mwezi wa tatu inaweza kubaki hivyo hivyo hadi tai waondoke. Hata msitu unaozunguka mti ule hufungwa kwa watembeaji kila msimu.

Zipo nyakati ambapo mamlaka hutoa ruhusa, hasa tatizo likiwa limeletwa na binadamu, kama uzi wa kuvulia uliomnasa kinda. Dhoruba haimo humo.

Haya yote hayaondoi uchungu, najua. Lakini tumepewa nafasi ya kukaa mahali ambapo miguu yetu haikupaswa kufika, na tumeipata kwa sharti hilo moja la kutogusa. Nililikubali sharti nilipofungua ile video mara ya kwanza, hata kama wakati huo sikulijua. Asubuhi ile ya tarehe 14 Jackie alimlisha kila mmoja wa wale wawili vipande vidogo vidogo vya samaki, taratibu, mpaka magole yao, vile vifuko vya kooni, yakavimba. Nilimaliza chai yangu nikimwangalia.

Makinda wanadonoana. Mkubwa atamuua mdogo?

Kwa tai wa kichwa cheupe inatokea mara chache, chakula kikiwa haba. Wiki mbili za kwanza makinda hugombana sana. Aliyezaliwa mapema anamponda mwenzake kichwani, mdogo analala kifudifudi hadi mkubwa ashibe, kisha naye anakula. Mama akileta chakula cha kutosha, ugomvi unapungua wenyewe wakishakua.

Ila kama unataka kuhamia kwenye kamera ya tai weusi wa Afrika, nikuonye mapema. Hao ni habari nyingine kabisa. Jike hutaga mayai mawili, na wa kwanza karibu kila mara humuua wa pili, hata nyama ya pimbi ikiwa imejaa kiotani na mama amesimama pale pale. Mtafiti Valerie Gargett, aliyewachunguza kwa miaka mingi kwenye milima ya Matobo, Zimbabwe, alihesabu kinda mmoja akimdonoa mdogo wake zaidi ya mara 1,500 kwa siku tatu. Wataalamu wengi huliona yai la pili kama akiba, endapo la kwanza litakuwa viza. Mwenye moyo mwepesi aruke wiki hiyo, arudi akibaki mmoja.

Mzazi mmoja akifa, makinda wanakuwaje?

Inategemea umri wao na juhudi za aliyebaki. Mfano ninaoupenda ni wa Fort Myers, Florida. Pale kulikuwa na jike maarufu aliyeitwa Harriet na mwenzi wake M15. Septemba 2022 kimbunga Ian kiliangusha kiota chao chote. Wakakijenga upya kijiti kwa kijiti na Harriet akataga. Februari 2023 Harriet akaruka na hakurudi tena. Makinda wawili walikuwa bado wadogo. M15 akawinda, akalisha, akafukuza majike wageni waliotaka eneo, na wote wawili wakakua wakaruka. Tangu hapo sitaki kusikia mtu akisema baba ndege hajui kulea.

Wanakula nini?

Samaki wa ziwani kwanza, halafu ndege wa majini. Wanaokota mizoga pia.

Je, ni sawa watoto kuangalia?

Ndiyo, mkiwa pamoja. Wataona samaki akichanwa akiwa mzima na pengine wataona kinda aliyekufa akibaki kiotani, au hata akiliwa. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku ameshaona mwewe akishuka uani na kifaranga akaenda zake. Hilo si geni kwake. Aliyekulia ghorofani mjini atahitaji mtu wa kumjibu. Binti wa dada yangu, ana miaka saba, aliniuliza kwa nini tai ni mzuri na mwewe ni mbaya wakati wote wanafanya kitu kimoja. Tulizungumza hadi akasinzia, na sina hakika kama nilimridhisha.

Majina ya makinda anachagua nani?

Watu wanapeleka mapendekezo kutoka popote, kisha wanafunzi wa darasa la tatu wa Big Bear wanapiga kura. Mwaka 2025 yalipelekwa majina zaidi ya 54,000, na watoto wakachagua Sunny na Gizmo. Wote wawili waliruka mwanzoni mwa Juni mwaka huo. Kabla yao kulikuwa na Spirit wa mwaka 2022, na Simba wa mwaka 2019. Ndiyo, Simba, neno letu. Ndugu yake Simba aliitwa Cookie. Alikufa kwa baridi na mvua mwishoni mwa Mei 2019, akiwa na wiki sita.

Wakisharuka, wanakwenda wapi? Wanawarudia wazazi?

Kinda huruka akiwa na wiki 10 hadi 14. Hukaa karibu na nyumbani kwa wiki kadhaa akijifunza kuvua na bado akiomba chakula, kisha huondoka. Wengi hawamalizi mwaka wa kwanza, kwa sababu kuwinda ni ufundi na kosa moja lina gharama. Wakinusurika wanaweza kufikisha miaka 20 hadi 30. Tai mmoja aliyekuwa na pete mguuni alikutwa amekufa New York mwaka 2015 akiwa na miaka 38, amegongwa na gari.

Kamera zinawasaidia nini tai wenyewe?

Swali zuri, maana tusijidanganye kwamba kutazama peke yake ni msaada.

Mwaka 1963, katika majimbo 48 ya Marekani ukiacha Alaska na Hawaii, zilihesabiwa jozi 417 tu. Chanzo kikuu kilikuwa DDT, dawa ile ile ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa mbu. Iliingia majini, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa tai, na ndani ya mwili wa jike ikavuruga kalisi hadi ganda la yai likawa jembamba. Mama akilala juu yake, linapasuka. Hebu fikiria: ndege aliua watoto wake kwa kuwaatamia. DDT ilipigwa marufuku huko mwaka 1972, na mwaka 2007 tai huyu akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria jozi 71,400 na tai 316,700 kwa jumla katika majimbo hayo 48.

Kamera hazikufanya hayo. Sheria na watu waliohangaika ndio waliofanya. Kinachofanywa na kamera ni kuwafanya watu wengi wawe na sababu ya kujali sehemu moja maalumu. Kikundi cha Big Bear kimepinga kwa miaka mingi mradi wa kujenga nyumba upande wa kaskazini wa ziwa, karibu na wanapokaa tai, na nguvu ya kupinga imetokana kwa sehemu kubwa na watu kama sisi ambao tunamjua Jackie kwa jina. Kule Decorah, Iowa, ambako kamera ya marehemu Bob Anderson ilivuta mamilioni ya watu mwaka 2011, walimu waliingiza kiota darasani. Na watafiti wamepata rekodi za mchana na usiku ambazo hakuna mtu angeweza kukaa mtini kuziandika. Kwenye mto Mississippi kamera imeonyesha kiota kilicholelewa na madume wawili na jike mmoja, kwa ushirikiano. Bila kamera, ni nani angeamini?

Nimeona ukurasa unaoomba michango kwa ajili ya Jackie na Shadow. Nitoe?

Usitoe kabla hujahakikisha ni ukurasa wa wenye kamera wenyewe. Kurasa za uongo ni nyingi, na siku hizi kuna picha na video zilizotengenezwa na kompyuta: Jackie anakumbatia mtoto wa binadamu, makinda sita kiotani. Ukiona makinda sita, funga.

Kuna kiota cha tai karibu na kijiji chetu. Naweza kuweka kamera?

Nia ni njema, lakini usipande mti wenye mayai au makinda, hata kwa dakika tano. Wazazi wanaweza kukihama kabisa. Kamera zote nzuri huwekwa nje ya msimu, kiota kikiwa kitupu, na watu wenye ujuzi wa kupanda na wenye kibali. Kenya zungumza kwanza na KWS, shirika la wanyamapori, na Tanzania na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Wakati unasubiri, darubini ya kawaida na daftari vinatosha: keti mbali, andika nani aliingia saa ngapi na alibeba nini. Miezi mitatu ya daftari kama hilo ni kitu ambacho mtaalamu wa ndege atakipokea kwa mikono miwili.

Na kama tai wa kiota hicho wanawala kuku wenu, najua maneno yangu hapa hayauziki. Banda lenye paa la wavu ni jibu bora kuliko sumu kwenye nyama. Sumu hiyo haichagui. Huua pia fisi, mbwa wa jirani na tumbusi wote wa eneo.

Msimu wa Big Bear ukiisha niangalie nini?

Kati ya Julai na Oktoba kiota kile huwa kitupu siku nyingi, ingawa wenyewe hupita. Wakati huo nahamia kusini. Kwenye bustani ya mimea ya Walter Sisulu, magharibi mwa Johannesburg, kuna kiota cha tai weusi kwenye jabali kando ya maporomoko ya maji, na kina kamera za mubashara. Ni ndege wale wale tunaoweza kuwaona kwenye majabali ya Hell's Gate, Kenya, weusi tii wenye alama nyeupe ya V mgongoni. Wao hutaga karibu na Mei, na kinda hutoka kati ya Juni na Julai. Johannesburg iko saa moja tu nyuma yetu, kwa hiyo huna haja ya kukesha: dume anarudi na pimbi mchana kweupe, na jua la huko linapochwa, chakula chako cha usiku bado kiko jikoni.